Mgeni wa Mlango wa Jikoni

Nolan aliingia kwa mlango wa jikoni, na hapo ndipo nilipojua kwamba kuna kitu ananificha.

Nyumbani kwa mama yangu mgeni hupita mbele. Anabisha, anafunguliwa, anafuta viatu kwenye zulia ambalo halichafuki kwa sababu hakuna anayelikanyaga isipokuwa mchungaji na wauza bima. Watu wa nyumbani hupita nyuma, kando ya banda la trekta, wanapanda ngazi tatu za mbao na kuiruka ile ya pili, maana imeoza tangu baba akiwa hai. Haina alama yoyote. Ama unajua, ama unavunjika mguu.

Jumapili ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Nolan Goering kualikwa kwa mama. Aliegesha pikapu yake nyuma, akakanyaga ngazi ya kwanza, akairuka ya pili, akaingia. Mbwa hakubweka. Mbwa wa mama humbwekea hata mtu wa posta, na mwaka huu ni wa tisa tangu aanze kuleta barua.

Nilikuwa kwenye sinki, kitambaa cha vyombo mkononi. Nolan aliniangalia kwa macho yake ya kijivu, akatabasamu upande mmoja kama kawaida yake, na moyo wangu, ambao haujawahi kuwa na akili, ukaruka.

"Umependeza, Renae."

"Umejuaje mlango wa huku?"

Alichelewa kidogo kujibu. "Gari lako liko huku."

Kweli gari langu lilikuwa huku. Lakini gari langu halikumwambia habari za ngazi.

Nina miaka thelathini na sita. Nilikuwa fundi wa maabara kwa miaka sita kabla sijaanza kusomea udaktari, nina binti ambaye wikendi hiyo alikuwa kwa baba yake, na nina talaka. Travis, mume wangu wa zamani, alikuwa akitoka nje na simu. Alisema ni kazi. Kazi hiyo ilikuwa na nywele nyekundu na nyumba katika mji wa Salina. Kwa hiyo mwanamume akinijibu swali kwa kuchelewa, mimi huhesabu sekunde.

Na tangu Machi nilikuwa nazihesabu za Nolan. Kila Jumanne saa sita mchana alikuwa anapotea. Nikipiga simu kliniki, Twila, muuguzi wake, ananiambia, "Ametoka, mama," halafu anakumbuka kwamba mashine ya karatasi imekwama. Nikimuuliza mwenyewe jioni, ananishika mkono na kusema, "Siwezi kukuambia." Hasemi ni jambo dogo. Hasemi nisijali. Siwezi, basi.

Jumanne iliyopita nilikuwa napita barabara kuu, nikaona pikapu yake ikikata kona kuingia barabara ya vumbi. Barabara ile ina nyumba tatu tu: ya mama, ya wale kaka wawili wazee wa Unruh, na ya Shawna Koehn, ambaye ameachika na ana miguu ya kutazamwa. Siku tano nzima nililala na Shawna kichwani. Sasa mbwa hajabweka, na nikaanza kuwaza upya.

Mama aliingia kutoka sebuleni. Verda Schrag ana miaka sitini na minane na hajawahi kumkaribisha mtu bila kumpima. Alivaa gauni lake la kanisani na, chini, ndara za manyoya za chumbani. Niliona. Sikufikiri.

"Daktari," alisema.

"Habari za Jumapili, Bi Verda."

"Nzuri mpaka sasa."

Tulikaa kwenye faspa, kile chakula cha alasiri ambacho kwetu kila Jumapili ni kilekile: mikate midogo yenye vichwa viwili, nyama baridi, jibini, jemu ya plamu za mwituni aliyoipika mama mwenyewe, kahawa. Mama alipitisha jemu bila kujipakulia. Kahawa akainywa chungu. Hilo nalo niliona, nikaendelea kumtazama Nolan.

"Kwa hiyo," mama alianza, "watu wanakulipa kila mwezi hata wakiwa wazima."

"Ndiyo."

"Kama televisheni."

"Televisheni haiji nyumbani ukiugua, Bi Verda."

"Na wewe unakwenda?"

Alimkazia macho. Nolan aliweka kikombe chini taratibu.

"Nikiitwa."

Kuna kitu kilipita kati yao juu ya sahani za jibini, nami nikakiona kikipita. Sikujua jina lake. Nilijua tu kwamba watu wasiofahamiana hawatazamani hivyo.

"Mwanangu amepoteza usingizi miaka saba kwa ajili ya kazi hii," mama aliendelea. "Hospitali inampa mshahara, likizo, malipo ya uzeeni. Wewe unampa nini kwenye kliniki yako? Chumba."

"Chumba na muda."

"Muda hauliwi."

"Mama," nilisema.

"Nasema kweli. Hao watu wako mia sita, siku wakichoka?"

"Wataondoka," Nolan alijibu. "Na nitajua kwa nini, maana wataniambia usoni. Huko anakotaka kwenda Renae, mgonjwa akiondoka hakuna anayejua hata kama alikuwepo."

"Sijasema nataka kwenda," nilisema.

"Hujasema hutaki."

Kweli sikuwa nimesema. Zilibaki wiki nane nimalize mafunzo ya udaktari wa familia pale Wichita, na hospitali ilikuwa imenipa mkataba. Mwisho wa kusaini ulikuwa Jumanne, saa kumi na moja jioni. Walimu wangu walinishauri nisaini. Kliniki za ada ya mwezi, walisema, ni za madaktari waliochoka, si za wanaoanza. Anza kwanza kwenye kundi kubwa, ujifunze, ndipo ucheze. Lakini Oktoba nilikuwa nimekaa mwezi mzima kwenye kliniki ya Nolan, kama sehemu ya mafunzo, katika mji wetu huuhuu wa Cedar Fork. Siku ya kwanza alikuja mzee mmoja akazungumza dakika arobaini kuhusu kaburi la mkewe. Dakika ya arobaini na moja akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba kifua kinambana akipanda ngazi. Hospitalini mimi nina dakika kumi na tano kwa mgonjwa, na tisa ninaitazama kompyuta. Yule mzee angekuwa ameshaondoka kwangu na kifua chake.

Jioni ile nilimwambia Nolan kwamba hivyo ndivyo nilivyodhani udaktari ulivyo kabla sijausomea. Desemba alinipa ufunguo wa chumba cha pili cha kliniki. Februari akaniuliza kama nitaolewa naye. Sikujua nilipenda nini kwanza, kazi au mtu, na mwanamke aliyewahi kudanganywa hujiuliza swali la pili: yeye je, anataka mke au anataka daktari wa chumba cha pili?

Nolan aliinuka. "Nakwenda kunawa mikono."

Hakuuliza ni wapi. Alipita kwenye ukumbi, akaupita mlango wa kwanza, ambao ni kabati na kila mgeni huufungua, akaingia wa pili.

Aliporudi nilikuwa nimesimama.

"Umeshawahi kuja nyumba hii?"

"Nani, huyu?" mama alidakia kabla Nolan hajafungua mdomo. "Aje kufanya nini?"

Mama yangu hadanganyi. Ni mkali mno kwa uongo, hauhitaji. Lakini alisema hivyo huku anapanga visu ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa.

"Sijakuuliza wewe, Mama. Nolan?"

Alinitazama. Kulikuwa na huruma katika macho yale, na hicho ndicho kilichonichoma, maana Travis naye alinionea huruma mwishoni.

"Siwezi kukujibu," alisema.

"Twende nje."

Tulisimama kando ya pikapu yake. Ngano ilikuwa imefika magotini na upepo ulikuwa unailaza na kuiinua.

"Ni shamba?" nilimuuliza.

"Shamba gani?"

"Hili. Ulisema unataka siku moja kliniki iwe na eneo lake, nje ya mji. Mama ana ekari mia na sitini na binti mmoja. Unampata daktari, unapata mke, unapata shamba. Mmekuwa mkizungumza nini Jumanne zote hizo?"

"Renae. Mimi hata kuku siwezi kufuga."

"Usinichekeshe."

"Sikuchekeshi. Sitaki shamba la mama yako."

"Basi ni Shawna Koehn."

Nilitegemea angecheka, au angekasirika, au angeuliza Shawna ndiye nani. Alifunga mdomo tu, kama mtu aliyefunga droo.

"Siwezi kuzungumza habari za Shawna," alisema.

"Huwezi. Mama huwezi, Shawna huwezi, Jumanne huwezi. Kuna kitu unachoweza?"

"Kukupenda naweza. Hilo nalifanya bila shida."

"Travis alisema maneno mazuri kuliko hayo."

Lilimwingia. Niliona shingo yake ikiwa nyekundu. Nilitoa ufunguo wa chumba cha pili kwenye mkufu wa funguo zangu, kucha ikakatika kwa sababu pete ya chuma ilikuwa ngumu, nikamwekea mkononi. Nilitaka abishane. Nilitaka akatae kuupokea.

"Ukisaini na hospitali," alisema, "saini kwa sababu unaipenda kazi ile. Usisaini kwa sababu yangu. Utakaa nayo miaka, na hasira itakuwa imeisha mwezi wa kwanza."

"Unanishauri kama mgonjwa."

"Nakushauri kama mtu atakayekukosa."

Akaingia kwenye gari. Alipowasha alifungua kioo, akanyoosha mkono, kidole kimoja kikagusa shavu langu, halafu akaurudisha kwenye usukani. Vumbi lilikaa hewani muda mrefu baada ya yeye kuondoka, nami nikasimama ndani yake kama mjinga.

Nilirudi kwa ngazi zilezile. Mama alikuwa bado mezani.

"Ameondoka?"

"Ameondoka. Ufunguo nimempa." Nilitoa simu, nikafungua mkataba. Siku hizi hauhitaji hata kalamu, unaburuta kidole. "Naweza kusaini sasa hivi. Si ndicho ulichotaka?"

Mama alitazama kiti cha Nolan. Mkate wake alikuwa ameumega nusu na hakuumaliza.

"Hakusema chochote?" aliuliza.

"Aseme nini? Anajua neno moja tu. Siwezi, siwezi, siwezi."

"Hata ulipomrudishia ufunguo?"

"Hata hapo."

"Mpumbavu," mama alisema, lakini kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu baba afe. "Weka simu chini, Renae."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimekuambia."

Aliusogeza mguu wake wa kulia nje ya meza, akainama kwa tabu, akaivua ndara.

Kulikuwa na bandeji, nyeupe, safi, imezunguka kidole gumba na nusu ya wayo. Plasta iliyoishikilia ilikuwa imekunjwa kwenye ncha, kipande kidogo tu, ili mtu mwenye vidole vigumu aweze kuibandua bila kuhangaika. Hakuna hospitali inayofundisha hivyo. Oktoba nilimwona mtu mmoja akikunja ncha ile, nikamuuliza ni ya nini, akanifundisha. Nilijua mkono uliofunga bandeji ile kabla mama hajafungua mdomo.

Nikakaa chini, sakafuni.

"Sukari," mama alisema. "Usinitazame hivyo."

"Tangu lini?"

"Kuwa nayo, sijui. Kujua, tangu Machi. Kidonda kilianza kwenye kiatu cha kanisani. Nilipiga simu huko mjini wakanipa siku, baada ya wiki saba. Na siku hiyohiyo nilikuwa nimepanga kumpigia huyu wako nimtukane. Nimwambie akuache usaini mkataba wako. Nikamtukana vizuri tu. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kwa nini napumua kama nimesimama kwa mguu mmoja."

"Na ulikuwa umesimama kwa mguu mmoja."

"Sasa ningefanyaje? Saa sita mchana akawa hapo mlangoni. Nikamwambia apite nyuma, majirani wasimwone. Nikamwonya ngazi. Kidole kilikuwa kimeanza kuwa na rangi mbaya. Alisema nikingoja wiki saba ningekipoteza."

Miaka saba nafundishwa kuona. Ndara Jumapili, kahawa chungu, jemu inayopitishwa. Na tangu siku ile ya barabara kuu, mawazo yangu yalifika kwa Shawna, yakafika kwenye shamba, hayakufika mahali pa karibu kuliko pote. Wenzangu wote nitakaomaliza nao wangekosea hivyohivyo. Katika mafunzo yetu mgonjwa ndiye anayekuja. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona daktari akiingia kwenye jiko la mtu.

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ungenitazama kama unavyonitazama sasa. Nina binti mmoja, sina haja ya kumgeuza daktari wangu." Aliivaa ndara yake. "Nilimwambia Nolan, siku akikuambia namhama. Kila Jumanne ananibembeleza nikuambie mwenyewe. Ananichosha. Nilidhani mwanamume akibanwa vya kutosha atasema. Wote husema."

"Kwa hiyo leo mezani ulikuwa unampima."

"Nilikuwa nampima tangu Machi. Leo nilimbana."

"Umenigharimu mchumba, Mama."

"Sijakugharimu kitu. Aliye na ufunguo anakaa maili kumi na moja kutoka hapa."

Sikumfuata. Sitaki mtu anidhanie mimi ni mwema kuliko nilivyo: nilikuwa na aibu, na chini ya aibu kulikuwa bado na shaka. Mtu anayejua kunyamaza vizuri hivyo, anajua kunyamazia nini kingine? Nililala nayo Jumapili, nikaenda nayo kazini Jumatatu. Jumatatu hiyo mwanamke mmoja alianza kuniambia kitu akiwa ameshika kitasa cha mlango, nami nikatazama saa. Alinikuta natazama. Akasema, "Basi, si kitu," akaenda.

Jumanne niliomba ruhusa. Saa sita kasoro nilikuwa jikoni kwa mama, beseni la maji ya uvuguvugu sakafuni, shashi mezani. Mama alikaa akiwa amenuna, mguu wazi.

Pikapu iliingia nyuma. Ngazi ya kwanza ililia, ya pili ikarukwa, ya tatu ikalia. Nolan alifungua mlango na mkoba wake mkononi, akaniona, akasimama. Hakuwa amenyoa. Nilitaka kwenda kumshika uso palepale.

Alimgeukia mama.

"Bi Verda, niko huru kuzungumza mbele yake?"

"Zungumza. Nimemwambia mwenyewe."

"Yote?"

"Yote. Na kwamba ulinichosha."

Ndipo aliponitazama. "Kimefunga robo tatu," alisema. "Ukingo wa ndani bado unanisumbua. Ungependa kuona?"

Tulipiga magoti pande mbili za mguu wa mama yangu, vichwa vimekaribiana. Alizungumza habari za kidonda na za kidonda tu, kwa sauti ya chini, na mimi niliuliza maswali ya kidonda, na mikono yetu ilipokutana kwenye shashi hakuna aliyeiondoa. Alinipa plasta nimalizie. Nikaikunja ncha.

"Ninyi mnafunga kidole au mnaposana?" mama aliuliza.

Nilisimama. "Ufunguo uko wapi?"

"Kwenye gari. Haujashuka tangu Jumapili."

"Nolan, uniambie kitu kimoja. Shawna Koehn."

Aliniangalia bila kukwepa.

"Siwezi."

Sekunde hazikuwepo za kuhesabu. Lilikuja moja kwa moja. Nikajua jibu halitakuja kesho wala mwakani, wala tukiwa wazee. Wagonjwa wako mia sita, na kila mmoja ana Jumanne yake, na nitakula chakula cha jioni na siri zao zote zimekaa mezani. Shaka yangu haikufa. Ilivuta kiti, ikakaa nasi, na nikaona kwamba naweza kuishi nayo.

"Na mimi nikiwa na wagonjwa wangu," nilisema, "hutajua hata mmoja."

"Sitauliza."

"Utauliza. Utateseka. Nitahakikisha."

Alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili, na macho yakamlowa, akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Nilichukua simu yangu mezani. Saa kumi na moja ilikuwa mbali bado. Nikawaandikia hospitali mistari miwili, ya shukrani na ya hapana, nikatuma, nikatoka kwenda kuuchukua ufunguo mwenyewe.

Nilikanyaga ngazi ya pili. Mguu ulizama mpaka kwenye goti.

Nolan alifika kabla sijamaliza kulalamika, akanishika kiuno, akanivuta juu, hakuniachia. Nyuma yake, jikoni, nilimsikia mama anavuta kiti cha pili karibu na beseni.

"Mlete hapa," alisema. "Na ukimaliza na mguu wake, uitengeneze hiyo ngazi. Sasa ni yenu."